Chunjua Mkononi mwa Mwalimu

Kabla hujaendelea kusoma, tazama kwanza mikono yako. Tazama vidole, viganja na nyuma ya mikono. Pengine utaona kijinyama kigumu kimeota. Ngozi yake inakwaruza, na ndani yake mna vidoa vyeusi mfano wa mbegu ndogo. Hilo ndilo chunjua. Kama wewe huna, huenda jirani yako analo, au mtoto wako.

Chunjua ni ugonjwa mdogo. Hauui mtu. Lakini kwa sababu ya ugonjwa huu mdogo, mimi nilikaribia kumpofusha mtoto wa dada yangu. Nataka nikueleze ilivyokuwa, ili lisikufike wewe.

Mkono wa chaki

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Sikusoma sana, nina cheti tu. Mwaka 2019 nilikuwa nasimamia madarasa ya kisomo katika vijiji vya wilaya ya Newala, mkoa wa Mtwara, juu ya uwanda wa Wamakonde. Kijiji nilichokaa ni kijiji cha mama yangu. Dada yangu anaishi hapo, naye alikuwa mwanafunzi wangu. Darasani aliniita Mwalimu. Nyumbani aliniita Kaka.

Machunjua yangu yalianza na moja, kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Baada ya miezi michache yakawa saba. Mkono wa kulia ndio mkono wa chaki. Nilipoandika ubaoni, darasa zima liliyaona. Nilipomwongoza mwanafunzi kushika kalamu, mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wake. Siku moja mama mmoja aliuvuta mkono wake polepole, akasema, "Mwalimu, niache, nitajaribu mwenyewe." Hakunitukana. Lakini nilielewa. Tangu siku hiyo niliandika huku nimekunja vidole, na watu niliwasalimu kwa mdomo tu.

Kila mtu alikuwa na neno lake. Mmoja alisema nimeshika chura. Mwingine alisema nimekanyaga dawa ya mtu. Wa tatu alisema damu yangu ni chafu. Niliwasikiliza wote, kwa sababu mtu mwenye aibu husikiliza kila mtu.

Kwanza nilitumia wembe. Nilikata chunjua moja ili niing'oe mizizi yake. Damu ilitoka nyingi kuliko nilivyodhani. Baada ya wiki chache likaota tena, na pembeni yake likaota jingine.

Kisha nikajaribu mafuta ya ganda la korosho. Wewe unayebangua korosho unayajua mafuta hayo. Yanaunguza ngozi. Ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza kazi. Mimi niliyapaka bila kuikinga ngozi nzima. Chunjua liliungua, na kidole nacho kiliungua. Nilikaa siku kumi bila kushika chaki.

Kipimo cha Mzee

Jirani na nyumba ya dada yangu anaishi mzee mmoja mganga wa miti shamba. Alipoona kidole changu alicheka kidogo, kisha akanihurumia. Aliniambia, "Mjukuu wangu, njoo kesho asubuhi."

Nilikwenda. Alivunja kijiti cha mnyaa, ule mmea wa uani wenye utomvu mweupe kama maziwa. Hakunipaka ovyo. Kwanza alipaka mafuta ya nazi kulizunguka chunjua, ili ngozi nzima isiguswe. Kisha alichovya ncha ya unyasi katika utomvu, akagusa juu ya chunjua peke yake. Tone lilikuwa dogo kama kichwa cha pini. Aliniambia nikae mpaka likauke. Halafu akanawa mikono, nami akaninawisha. Kile kijiti akakitupa chooni.

Alinipa masharti. Nije kwake kila baada ya siku tatu. Nisijipake mwenyewe. Utomvu usipakwe usoni. Na watoto wasipakwe kabisa, kwa sababu mtoto hatulizi mkono wake.

Nilikwenda mara mbili. Kilele cha chunjua moja kilianza kulainika na kubanduka. Nikafurahi. Lakini nilikuwa na vijiji vingine vya kutembelea, na siku tatu tatu za Mzee zilinichosha. Nikajisemea moyoni, "Mnyaa si upo hata uani kwetu? Mimi mtu wa cheti nashindwa nini kuvunja kijiti?"

Msomaji, hapo ndipo nilipokosea. Niliuchukua utomvu wa Mzee, nikaviacha vipimo vyake.

Siku ya mpwa wangu

Dada yangu ana mtoto wa kiume. Wakati huo alikuwa na miaka minane. Naye alikuwa na chunjua moja kwenye kidole cha shahada na jingine dogo shavuni, chini ya jicho la kushoto. Pengine aliyapata kwangu, maana tulitumia taulo moja. Kwetu mjomba ni mtu mzito. Mtoto wa dada yako ni wako. Akipata jambo, wewe ndiye unayeulizwa.

Ilikuwa siku moja ya mwezi wa Septemba, mchana. Dada alikuwa shambani. Nilivunja kijiti cha mnyaa, nikampaka mtoto kwenye kidole. Usoni sikumpaka, hilo nililikumbuka. Nikamwambia, "Kaa hapo, usishike kitu." Nikaingia ndani kutafuta daftari la mahudhurio.

Sikumaliza kulitafuta. Nilisikia ukelele. Lile chunjua la shavuni lilikuwa linamwasha, naye alijikuna kwa kidole kile kile. Utomvu uliingia jichoni. Nilimkuta anagaagaa mchangani, ameshika jicho, anaita, "Mjomba! Mjomba!"

Majirani walijaa. Mama mmoja mnyonyeshaji alitaka kumkamulia mtoto maziwa ya kifua jichoni. Mwingine alikimbilia majani. Mimi nilisimama kama mti. Ndipo Mzee mganga alipofika, amebeba ndoo yake ya maji kwa mikono miwili. Alisema kwa sauti kubwa, "Hapana maziwa, hapana majani. Maji! Maji tu!"

Msomaji, kama hujawahi kuishi kule juu, huenda usielewe uzito wa neno hilo. Mwezi wa Septemba mapipa ya mvua yamekauka. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, na visima viko mbali bondeni. Ndoo moja ni chakula cha jioni cha nyumba nzima. Mzee alimlaza mtoto ubavu, jicho baya likiwa upande wa chini, ili maji yasipeleke utomvu kwenye jicho zima. Akanionyesha namna ya kulifungua jicho kwa vidole vilivyonawa. Tukamimina maji polepole, bila kukoma. Ndoo ya Mzee ikaisha. Akaja mama jirani na ndoo yake. Ikaisha. Ikaja ya tatu, halafu ya nne. Ndoo ya nne aliileta mama yule aliyeuvuta mkono wake darasani. Hakuna aliyesema, "Na mimi nitapikia nini?"

Tulimpeleka mtoto zahanati kwa pikipiki, na kutoka hapo hospitali. Daktari alilipima jicho kwa dawa ya rangi na taa. Ngozi nyembamba ya mbele ya jicho ilikuwa imechubuka. Aliuliza, "Mlimwosha kwa maji mara moja?" Tukasema ndiyo. "Kwa muda gani?" Nikasema, ndoo nne. Akatikisa kichwa, akasema, "Hizo ndoo nne ndizo zilizoliokoa jicho hili."

Mtoto alitiwa dawa ya jicho siku nyingi, na tulirudi kupimwa mara kadhaa. Baada ya wiki tatu aliona vizuri. Dada yangu hakunigombeza. Alinyamaza tu. Ni afadhali angenigombeza.

Chunjua ni nini hasa

Siku moja nilipompeleka mtoto kupimwa, daktari alinitazama mikono, akaniuliza habari zake. Nikamweleza yote. Alinifundisha mambo ambayo sasa nakufundisha wewe.

Machunjua hayaletwi na chura. Hayaletwi na uchawi wala damu chafu. Huletwa na kirusi, kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Kirusi hicho huingia kupitia michubuko midogo ya ngozi, kisha huifanya ngozi ikue kupita kiasi. Mwaka 1907 daktari wa Italia aliyeitwa Giuseppe Ciuffo alilithibitisha jambo hilo kwa mwili wake mwenyewe. Alisaga machunjua, akayachuja kwa chujio ambalo hata bakteria hawapiti. Maji yaliyopita akajichanja mkononi. Baada ya miezi kadhaa machunjua yakamwota.

Vile vidoa vyeusi si mbegu, wala chunjua halina mizizi. Ni mishipa midogo ya damu iliyoganda. Ndiyo maana nilipokata kwa wembe damu ilitoka nyingi. Tena wembe hueneza kirusi kwenye ngozi ya jirani. Na wembe wa kuazimana huweza kuleta magonjwa makubwa zaidi, kama homa ya ini na UKIMWI. Wembe mchafu huweza kuleta pepopunda.

Jambo jingine alilonieleza lilinishangaza. Machunjua mengi hupona yenyewe. Mwili hukitambua kirusi na kukishinda. Kwa watoto wengi machunjua hupotea kabla ya miaka miwili kwisha, bila dawa yoyote. Hapo nikaelewa kwa nini kila mtu kijijini ana dawa yake iliyomponya. Mmoja alifunga uzi. Mwingine alizika punje za mtama. Siku chunjua lilipoanguka, uzi ukapata sifa na mtama ukapata sifa. Kumbe mwili ndio uliofanya kazi.

Nilimwuliza daktari, "Basi mnyaa na korosho ni uongo?" Alijibu, "Si uongo. Huunguza ngozi, na ngozi ikibanduka huondoka na kirusi. Hata dawa yetu hubandua ngozi. Tofauti ni kipimo. Dawa yetu tunajua ina nguvu kiasi gani. Utomvu wa mti hujui. Na mnyaa ukigusa jicho, umeona mwenyewe."

Dawa aliyonipa ni asidi ya salisiliki, dawa ya maji katika chupa ndogo. Muuguzi aliniandikia maelezo kwa Kiswahili juu ya bahasha, akaniambia niyasome vizuri. Nikaitia bahasha mfukoni. Nilijisemea, "Mimi ni mwalimu wa kusoma. Nitashindwa na bahasha?"

Dada anasoma

Nilipofika nyumbani nilikaa kibarazani. Nilifungua chupa, nikampaka mtoto kidogo kwenye chunjua la kidole. Halafu nikamshika kidevu, nikamgeuza uso, ili nimpake na lile la shavuni. Niliona kwamba dawa ya hospitali haina neno. Ni dawa ya wataalamu.

Dada yangu alikuwa ameokota ile bahasha iliyoanguka mfukoni mwangu. Alikuwa anaisoma kama tunavyosoma darasani, kidole chini ya maneno, silabi kwa silabi. Nilimsikia anasema, "U-si-pa-ke u-so-ni."

Akarudia haraka, "Usipake usoni."

Kisha akasema, "Mwalimu, simama."

Tulikuwa nyumbani, lakini aliniita Mwalimu. Nilisimamisha mkono. Tone lilikuwa limening'inia kwenye kijiti. Dada alikuwa na miezi saba tu ya kisomo. Mimi nilikuwa na cheti. Lakini siku ile yeye ndiye aliyesoma.

Tuliisoma bahasha yote pamoja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Ilisema hivi:

Loweka chunjua katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 mpaka 10. Kausha. Sugua ngozi iliyokufa kwa tupa ndogo au jiwe la kusugulia miguu. Kifaa hicho kiwe chako peke yako. Paka mafuta ya mgando kulizunguka chunjua. Tia tone la dawa juu ya chunjua tu. Fanya hivyo kila siku mpaka wiki 12. Ngozi ikiuma au ikichubuka, pumzika siku chache. Usipake usoni wala sehemu za siri. Usipake kama una kisukari, mpaka umwone daktari. Weka mbali na watoto.

Dada yangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mnyaa. Alisema, "Mafuta pembeni, tone juu, usoni hapana. Haya si maneno ya Mzee?"

Ni kweli. Maneno ya Mzee na maneno ya bahasha yalikuwa karibu sawa. Nami nilikuwa nimeyadharau yote mawili.

Ujue wakati wa kwenda hospitali

Ndugu msomaji, si kila chunjua linahitaji hospitali. Lakini nenda ukimwone mganga wa zahanati ikiwa:

Chunjua liko usoni au karibu na jicho. Linatoka damu, linauma, linabadilika rangi au linakua haraka. Huna hakika kama ni chunjua au ni kitu kingine. Una kisukari. Au machunjua mengi yameota ghafla kwa mtu mzima. Hapo huenda kinga ya mwili imepungua, na ni vizuri kupima damu. Katika hospitali kubwa wanaweza kuligandisha chunjua kwa baridi kali kupita barafu, au kulichoma kwa umeme baada ya kukutia ganzi.

Na vinyama vya sehemu za siri usivipake kitu chochote, cha mti wala cha duka. Huambukizwa kwa kujamiiana, na dawa yake hutolewa na mtaalamu. Usione haya.

Ukoo wa virusi hivi ni mkubwa. Una aina zaidi ya 100. Vile vya machunjua ya mikononi haviwi saratani kwa kawaida. Lakini vipo ndugu zake vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake. Hivyo vina chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama una binti wa umri huo, uliza zahanati au shuleni kwake.

Maneno ya mwisho

Sikuambii uwadharau waganga wetu. Serikali yenyewe inautambua utaalamu wao. Ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Mzee wetu alijua kipimo, na alijua kwamba dawa ya jicho lililoingiwa na utomvu ni maji. Wala sikuambii uamini dawa kwa sababu tu imetoka hospitali. Nakuambia hivi: dawa yoyote, iwe ya mti au ya chupa, iulizie mambo matatu. Ni dawa gani? Kiasi gani? Isipakwe wapi? Kama imeandikwa, soma. Kama haikuandikwa, muulize anayekupa, kisha uandike mwenyewe. Sasa unaweza.

Machunjua yangu sita yaliisha kwa wiki tisa. La saba liligoma, nikaliacha. Mwaka uliofuata lilikwenda zake. La kidoleni mwa mpwa wangu liliisha kwa dawa. Lile la shavuni hatukuligusa. Siku moja dada alimnawisha uso, akaniita nikaangalie. Hapakuwa na kitu.

Bahasha ile dada ameitunza ndani ya daftari lake la kisomo. Na mwezi mmoja baada ya ajali, maji ya bomba yaliporudi, nilibeba ndoo nne, moja moja, nikazirudisha kwa wenyewe. Ya mwisho nilimpelekea yule mama wa darasani. Aliipokea, akaitua chini, halafu akaninyoshea mkono. Tukasalimiana.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwandishi alikuwa anakunja vidole alipoandika ubaoni?
2. Mzee mganga alitumia masharti gani alipompaka mwandishi utomvu wa mnyaa?
3. Mtu akiingiwa na utomvu jichoni, tufanye nini kwanza?
4. Kwa nini dawa nyingi za machunjua huonekana kuwa zimeponya?
5. Leta darasani bahasha au kikaratasi cha dawa kutoka nyumbani. Someni pamoja. Kinasema isitumiwe wakati gani?